Mabaka ya Baba Watoto

Mama mkwe alipofika Nachingwea kutoka Ruangwa, cha kwanza kuondolewa jikoni kwangu kilikuwa karanga. Waingereza walifyeka mapori ya huku kwa mradi wa karanga wa mwaka 1947. Leo karanga hizohizo zilishtakiwa kwa kumwasha mwanawe, Baba Watoto. Zikafuata mayai, dagaa, nyanya. Wifi akaongeza korosho, na hoja yake ilikuwa na uzito, maana mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi na kila mbanguaji anayajua. Shemeji akaitaja salfa tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga. Nikabaki napika ugali na mchicha wa chumvi tupu, watoto wakinitazama.

Baba Watoto aliendelea kuvimba. Usiku mabaka mekundu yaliinuka kiunoni pale mkanda unapobana, mengine mgongoni, na mara moja moja mdomo ulivimba hata akashindwa kunywa chai. Kukicha, la kiunoni halina hata alama, limejitokeza pajani. Kuhamahama huko ndiko kulikomfanya Mama aseme hili si la hospitali, akachemsha majani ya kuogea. Majani hayakufanya lolote.

Duka la dawa lilimpa Piriton, akawa anasinzia mchana kutwa. Setirizini, kidonge kimoja kila usiku, ilipunguza kidogo tu. Ndipo mtu akamshauri predinisoloni. Siku ya pili ngozi ikawa safi, nyumba nzima tukashangilia, Mama akaanza kufunga mkoba. Vidonge vilipokwisha, mabaka yakarudi makali kuliko mwanzo. Ningependa kila familia ilijue hili: dawa hiyo ni ya siku chache, tena kwa agizo la daktari, mabaka yanapozidi. Ukiimeza miezi na miezi inapandisha sukari na presha, na inadhoofisha mifupa.

Mtaalamu wa ngozi tuliyempata baadaye alisomea Moshi, kwenye kituo cha hospitali ya KCMC kinachofundisha fani hiyo tangu 1992. Hakuuliza habari za chakula. Alisema, "Baba, toa mezani kila kidonge unachomeza." Mfukoni mwa shati ikatoka karatasi ya diklofenaki, dawa ya mgongo uliochoka kwa kubeba magunia ya korosho. Dawa za maumivu za jamii hiyo, pamoja na aspirini na ibuprofeni, huyachochea mabaka kwa baadhi ya wagonjwa.

"Kwa hiyo karanga, daktari?" Mama aliuliza.

"Karanga hazina kosa, mama."

Akatueleza taratibu. Mzio wa chakula kwa kawaida hujionyesha muda mfupi baada ya kula, kisha hupita. Mabaka yanayotoka na kupotea kwa zaidi ya wiki 6 ni nadra kuletwa na sahani. Mara nyingi kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayozichokoza chembe za ngozi, nazo zikamwaga histamini bila adui yeyote. Alitusihi pia kwamba ulimi ukivimba au pumzi ikibana, tukimbie hospitali usiku huohuo.

Dawa aliyoagiza ilikuwa ileile setirizini. Tofauti ni kipimo: kutoka miligramu 10 kwa siku, kupanda kwa hatua chini ya uangalizi wake, mwisho mara nne ya hapo, na kumeza kila siku hata ngozi ikiwa safi. Sisi tulikuwa tunasubiri mwasho ndipo tunatafuta maji ya kumezea.

Sasa yuko kwenye vidonge vitatu. Mabaka yamepungua, hayajakoma. Vinne vikishindwa, kuna sindano ya omalizumabu, miligramu 300 kila wiki 4, ambayo ilianza kama dawa ya pumu na tangu 2014 imeidhinishwa Marekani na Ulaya kwa mabaka sugu kama haya. Bei yake si ya mkulima. Kuna pia siklosporini, inayotumiwa na waliopandikizwa figo, nayo inadai kupima presha na figo mara kwa mara.

Mama amekwisha kutamka kwenye kikao cha familia kwamba fedha za korosho kutoka mnada wa chama cha ushirika cha RUNALI zisiguswe, si kwa bati wala kwa harusi ya wifi, mpaka tujue vidonge vinne vimefanya nini. Wifi hajakubali.