Sifa za Karani Asiyesomwa

Wenye ng'ombe husifu ng'ombe, wavuvi husifu ngalawa. Mimi ninayelishwa na seva za Linux namsifu karani wangu, faili liitwalo /var/log/apt/history.log. Hana picha, hana rangi, hana kitufe cha kubonyeza. Ukimfungua anakukodolea macho kama ankara ya maji.

Kila programu inapowekwa, kusasishwa au kufutwa kwa apt kwenye mashine ya Debian au Ubuntu, yeye huandika: saa ya kuanza, amri yenyewe, jina la aliyeomba, vifurushi vilivyoguswa, toleo lililokuwepo na lililoingia, saa ya kumaliza. Hahongeki hata kwa soda. (Mwenye mamlaka yote ya mashine anaweza kumfuta, kweli, lakini anayechana kurasa za daftari siku ya ukaguzi amekwisha jieleza.)

Nampendea pia adabu yake. Huandika kilichowekwa, kama kinatumika au hakitumiki, hilo si lake. Kerneli mpya ikiingia leo, ataiandika leo. Mashine itaendelea na ile ya zamani hadi uiwashe upya, naye kimya. Hakuulizwa.

Kutia watu kiwewe ndiko anakokujua hasa. Aprili 2014, tundu la Heartbleed lilipofichuliwa, OpenSSL walitoa toleo la 1.0.1g lenye tiba. Debian hawakulihamia, waliitia kiraka ile ile 1.0.1e waliyokuwa nayo, wakaifunga mkia: 1.0.1e-2+deb7u5. Asiyejua kusoma mikia aliona "e" akapiga mayowe kwamba tumekwisha. Aliyejua aliiona ile u5, akashusha pumzi, akaenda kunywa chai. Na kama hakuziwasha upya huduma zake, zilikuwa bado zimeishikilia maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu, basi chai hiyo aliinywa akiwa uchi.

Jamaa zake wa Red Hat wana dnf history, yenye namba kwa kila muamala na hata ruhusa ya kutengua. Anasa tupu.

Lakini fadhila yake kubwa niliionja siku alipokuja mkaguzi, mama mpole mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Seva hii mnaisasisha kila baada ya muda gani?"

"Kila mwezi, mama," nikajibu bila hata kumeza mate.

"Hebu tuone, kijana."

Nikafungua faili. Tupu, halina hata herufi. Moyo ukaniruka kwa furaha. Nikamweleza kwamba karani hufunga daftari kila mwezi, hulibana na kuliweka kabatini, hutunza kumi na mbili, na mwezi wenyewe ndiyo kwanza umeanza. Akatikisa kichwa kwa huruma. Alikuwa anajua jambo nililoomba asilijue: daftari tupu halifungwi. Linaachwa hapo hapo, mwezi baada ya mwezi, likingoja mtu afanye kazi.

"Basi nifungulie la juu kabatini," akasema. "Kwa zcat, tafadhali."

Likafunguka. Ingizo la mwisho lilikuwa la Februari. Sisi tulikuwa Juni. Saa 23:52 usiku, jina langu kamili la kuingilia, kifurushi kimoja tu: sl. Kwa asiyekijua, sl ni mchezo unaopitisha treni ya moshi kwenye skrini pale unapotaka kuandika ls vidole vikateleza. Hakizibi tundu lolote.

Mama akaandika kitu kwa kalamu ya kwanza, kisha akatoa ya pili, nyekundu. Simu yake ikaita, akatoka ukumbini kuipokea. Nikaona nitumie nafasi hiyo kuifuta treni. Aliporudi akaniomba nifungue tena lile faili lililokuwa tupu. Halikuwa tupu tena.