Mwongozo wa Kumkabidhi Mgeni Kadi Bila Kumkaba Mwenyeji

Hatua ya kwanza: iache ile kadi mpya ya michoro dukani. Najua umeshaiona Kigali, bei mmeshapatana, na rafiki yako amekuapia kwamba hiyo ndiyo dawa ya mashine pepe inayokokota miguu. Iache. Kadi uliyo nayo huenda ina mbio nyingi ambazo hujawahi kuziona. Hapa Gisenyi, ambako seva moja hubebeshwa hesabu za duka, kamera za mlangoni na mafaili ya ofisi nzima, mbio hizo ni mali. Zimefungiwa ndani ya keneli, na ufunguo wake hauuzwi.

Hatua ya pili ni kujua nani anakaa wapi. Keneli ya Linux ina KVM, sehemu inayoendesha mashine pepe, tangu toleo la 2.6.20, la Februari 2007. Mashine halisi huitwa mwenyeji, mashine pepe huitwa mgeni. Mgeni akitaka kutuma kitu mtandaoni au kuandika kwenye diski, kwa kawaida ombi lake hupitia mikononi mwa mwenyeji, na kila kupita kuna gharama. Mwaka 2012, katika toleo la 3.6, iliingia VFIO, kazi ya Alex Williamson, ambayo humkabidhi mgeni kifaa chenyewe azungumze nacho ana kwa ana.

Usalama wa jambo hilo unaeleweka vizuri ukisimama asubuhi Petite Barrière, kivuko cha mpakani kati yetu na Goma. Mama mwenye beseni la nyanya haulizwi ukoo wake upya kila anapokwenda Goma. Kibali kilishatolewa, kinatazamwa, anapita. Asiye nacho anarudishwa. Ndani ya kompyuta, afisa huyo ni IOMMU: Intel huiita VT-d, AMD huiita AMD-Vi. Ina jedwali linalosema kifaa hiki kinaruhusiwa kugusa kurasa zipi za kumbukumbu. Keneli huandika vibali, kisha ukaguzi unafanywa na maunzi yenyewe. Basi ukiona uzito, utafute pande mbili: kwenye kuandika vibali, au kwenye yale ambayo bado yanapitia kwa mwenyeji.

Upande wa vibali ndio wenye utamu, kwa hiyo tukae hapo. Kifaa huandika kwenye kumbukumbu bila kumuuliza mtu, kwa hiyo kila ukurasa wa mgeni lazima ugandishwe mahali pake kabla hajawaka, usije ukahamishwa kifaa kikaandika kwenye nyumba ya jirani. Sasa piga hesabu. Mgeni wa gigabaiti 64 akigawiwa kurasa za kilobaiti 4, keneli ina kurasa 16,777,216 za kusafisha, kugandisha na kuandikia vibali. Ukitumia kurasa za megabaiti 2, zinabaki 32,768. Ukitumia za gigabaiti 1, ni 64 tu. Wewe unayelalamika kwamba mashine pepe inachukua muda wa kuchemsha maharage kabla ya kuwaka, jibu lako liko katika hesabu hiyo. Tenga kurasa kubwa tangu mwenyeji anapowaka, maana akishafanya kazi siku kadhaa kumbukumbu yake huchanikachanika na gigabaiti nzima iliyoshikana haipatikani tena.

Kadi za michoro zina uzito wao wa pili. Kumbukumbu ya kadi nayo hufunguliwa kwa mgeni kama dirisha, na dirisha la kadi ya leo linaweza kufika makumi ya gigabaiti. Kwa miaka mingi keneli ilikuwa inalipanga ukurasa mdogo baada ya mdogo. Toleo la 6.12, la Novemba 2024, lilileta kazi ya Peter Xu inayoruhusu dirisha hilo kupangwa kwa vipande vikubwa. Toleo la 6.15, la Mei 2025, likaingiza marekebisho ya Williamson ili VFIO nayo iandike vibali kwa vipande hivyo hivyo. Huu ndio ufunguo niliousema. Sasisha keneli kabla hujasasisha mkoba.

Halafu kuna mikatizo. Kifaa kikimaliza kazi hubisha hodi. Zamani kila hodi ilimtoa mgeni nje ya prosesa, mwenyeji akaipokea, akamrudisha mgeni ndani na ujumbe. Tangu toleo la 4.4, la Januari 2016, prosesa za Intel zenye uwezo huo huweza kumfikishia mgeni hodi moja kwa moja. AMD ina AVIC kwa kazi hiyo hiyo. Washa, kisha pima kwa `perf kvm stat`, ambayo inakuonyesha mgeni ametolewa nje mara ngapi na kwa sababu gani. Kupima ni adabu. Fundi anayegeuza mipangilio mitano kwa mkupuo kisha akatangaza ushindi hajui ni upi uliomsaidia, na kesho hataweza kuurudia.

Seva kuukuu za soketi mbili, ambazo ndizo wengi wetu tunazozimudu, zina kasoro moja: kadi imechomekwa upande wa prosesa hii, mgeni anaishi upande wa ile. Mweke mgeni, kumbukumbu yake na kadi yake upande mmoja, umfungie prosesa zake asihamehame. Kazi ya dakika chache.

Sasa jambo ambalo sitaki utani nalo. Keneli hupanga vifaa katika makundi ya IOMMU. Vifaa vinavyoweza kuandikiana bila kupita kwa afisa huwekwa kundi moja, na kundi hukabidhiwa zima zima. Utakutana na kiraka kinacholaghai keneli iamini kwamba kila kifaa kiko peke yake. Watunzaji wa keneli hawakukikubali, na wana haki. Ukikitumia, mgeni mmoja anaweza kufika kwenye kumbukumbu ya mwingine, na ikiwa mmoja ana rekodi za wagonjwa na mwingine ana michezo ya watoto, umevunja amana ya watu. Hamishia kadi kwenye nafasi nyingine ya ubao, au nunua ubao unaotenganisha vifaa ipasavyo. Hapo ndipo pesa uliyoiokoa dukani inafaa kutumika.

Mwisho, jua unachokipoteza. Mgeni aliyekabidhiwa kifaa halisi amefungwa kwenye mashine ile. Kumhamisha kwenda seva nyingine huku anafanya kazi kunahitaji kifaa na draiva vinavyojua kubeba hali yao. Keneli ilianza kuwa na njia mpya ya kufanya hivyo katika toleo la 5.18, Mei 2022, kwa kuanzia na kadi za mtandao za mlx5. Kadi nyingi za kawaida haziwezi. Katika mji huu si suala la vitabuni. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na mitetemeko iliyofuata ilipasua nyumba hapa wilayani Rubavu. Kwa hiyo kamera na michoro vipewe kadi moja kwa moja, maana vinaihitaji. Hesabu za mishahara na rekodi za hospitali zibaki kwenye virtio, ile njia ya kupitia kwa mwenyeji, ambayo ni nzito kidogo lakini inahamika, na nakala zake ziwekwe nje ya Rubavu.