Chai Iliyomeza Bugali

Mtu wa Butembo akialikwa branchi, ana haki ya kuuliza kwanza: nyumbani waniwekee bugali au wasiniwekee? Maana mlo unaostahili jina hilo ni ule unaofuta deni la mchana. Ukinywa chai ya maziwa kwa mandazi saa nne, kisha saa saba ukaanza kuchungulia sufuria ya sombe, ulikunywa chai tu, hata kama kitambaa cha meza kilikuwa cheupe pe. Lakini sahani ya viazi vya Lubero, maharagi, mayai na kipande cha samaki wa Kyavinyonge ikikuacha umeegemea kiti hadi jua lipinde, hiyo ni branchi, hata ukiwa umeilia kibandani sokoni. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Ni kweli Mwingereza Guy Beringer aliupigia debe mlo huu mwaka 1895, akiwatetea waliokesha Jumamosi wasiamshwe mapema Jumapili. Kwetu anayeuhitaji zaidi ni aliyewahi misa ya kwanza bila kutia kitu tumboni. Mlevi na mcha Mungu wanapatwa na njaa saa ile ile, jambo ambalo padri hana haja ya kulijua.

Kuhusu wakati, mimi nasema saa nne hadi saa tano na nusu. Kabla ya hapo ni chai. Baada ya hapo ni bugali uliochelewa. Mtaniambia njaa haina saa. Sawa, lakini mpishi anayo, na makala kwenye mbabula hayamsubiri mtu. Tena huku karibu na ikweta jua huchomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo tumbo halina kisingizio cha majira. Kisingizio kipo mpakani. Saa nne Beni ni saa tano Mpondwe ya Uganda, ng'ambo tu ya mto Lubiriha, na Kinshasa ndiyo kwanza saa tatu. Simu iliyonasa mtandao wa Uganda pale Kasindi inaweza kumleta mgeni saa nzima kabla yai la kwanza halijavunjwa. Na ukiandika "saa 4" bila zaidi, mwenye kichwa cha Kifaransa atafika jioni, akute vyombo vinaanikwa. Basi wenye kualika, andikeni "asubuhi", na mtaje ni saa ya upande gani wa mpaka.