Maelekezo kwa Bibi Anayekusudia Kuzeekea Ipuli

Bibi, nimesikia umestaafu, umepata kiwanja Ipuli na unataka kumalizia umri wako chini ya miembe ya Tabora. Umechagua vizuri. Mji umetulia, asali ipo, hospitali ya Kitete haiko mbali. Mimi ni Mzaramo, mtani wako wewe Mnyamwezi. Babu zetu walijuana kwenye njia ya misafara, enzi za kubeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo na kuzikana huko huko njiani, na tangu hapo tumepeana ruhusa ya kutaniana hata mbele ya maiti. Kwa ruhusa hiyo nakuandikia mambo ambayo ndugu zako wa damu wataona haya kukuambia. Sijasema Ipuli ina ubaya zaidi kuliko kwingine. Nimeitaja kwa sababu ndiko unakohamia.

Anza kwa kupunguza chumvi. Ile ya mezani mwachie daktari wa presha. Mimi nasema ile ya kula miaka. Kufika 60 kunavumilika. Ukifika 80 huku vijana wa mtaa wanazikwa kwa ajali za bodaboda, watu wataanza kupiga hesabu: kwao miaka imepungua, kwako imezidi, na jumla itapatikana bila kalamu.

Kisha tuje kwenye macho. Yasiwe mekundu. Najua umepikia kuni maisha yako yote, na kama uliolewa na mkulima wa tumbaku kule Urambo au Sikonge, umekesha pia kwenye bani ukichochea moto ili majani yakauke. Usukumani, palipokwisha miti, wenzako wanapikia samadi ya ng'ombe, na moshi wake hauna huruma. Tumbaku imelipa ada, imeezeka bati, na wewe umebakiwa na macho kama risiti. Sasa risiti hiyo ndiyo inayotolewa ushahidi kwamba wewe ni mchawi. Nunua jiko la gesi. Bei ya mtungi ikikushinda, vaa miwani myeusi na useme umeandikiwa hospitali.

Usiwe na shamba. Hasa usiwe mjane mwenye shamba. Wakata mapanga wanaoua vikongwe hawaji kwa hasira zao wenyewe, wanakodiwa, na anayewakodi mara nyingi anaijua mipaka ya shamba lako vizuri kuliko anavyojua dalili za uchawi. Ukitaka kuligawa mapema, usimpe mmoja, maana wengine watanuna. Usiwape wote, maana kila mmoja atajiona amepunjwa. Na ukiliuza umekula urithi wa watoto wa watu. Ukishapata njia nyingine unijulishe.

Kwenye msiba ndiko unakotakiwa kuwa makini kuliko kote. Jirani akifa, usikose kwenda: ukikosa, itasemwa unaogopa kumtazama uliyemmaliza. Usitangulie kufika: nani alikupa habari? Lia, lakini kwa kipimo, maana kilio kikubwa kina lake jambo na jicho kavu lina lake. Ukipewa mwiko usonge ugali, songa, ila usiwe wa kwanza kuonja.

Chini ya turubai utasikia karatasi ya hospitali inasomwa: malaria. Hakuna atakayeibishia. Ndugu zako wanaijua malaria, wanaijua na dawa yake. Wanachouliza ni kingine: mbu walimuuma kila mtu mle ndani, mbona kafa huyu? Hapo daktari hana la kusema. Padri anasema ni mapenzi ya Mungu, shehe anasema siku yake imefika, wazee wanasema kazi ya Mungu haina makosa, na wote hao hawamtaji mtu. Kisha anasikika mmoja pembeni, kwa sauti ya chini: hapa kuna mkono wa mtu. Kesho yake watu wawili watatu wanakwenda kwa mpiga ramli, na yeye anawapa alichowanyima padri, shehe na daktari. Anawapa jina.

Hapo siwacheki. Aliyebeba jeneza la mtoto mikononi, lisilohitaji watu wanne, anajua ilivyo vigumu kukubali kwamba hakuna wa kulaumiwa. Polisi wanaiita ramli chonganishi na serikali iliipiga marufuku mwaka 2015, lakini mteja wa ramli hajioni kuwa anachonganishwa. Anaona amejibiwa. Utafiti wa Pew wa mwaka 2010 ulikuta Watanzania 93 kwa 100 wanaamini uchawi. Wale saba waliobaki sijui hukaa wapi siku za misiba.

Sasa utaniuliza, serikali je? Serikali nayo, bibi, ni mfiwa kama wengine. Miaka ya 1970 vikongwe waliuawa kwa wingi Mwanza na Shinyanga, na dola ikaingia kuwasaka wauaji. Watuhumiwa waliteswa, wengine wakafia mikononi mwa waliowakamata, na Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu ingawa hakumgusa mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakazuka Sungusungu, walinzi wa jadi wa Usukuma na Unyamwezi, na pinde zao. Ukipigwa mwano, yaani yowe la hatari, kijiji kizima kinatoka. Walianza na wezi wa ng'ombe, wakafika kwa wachawi. Nyerere aliwasifu, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Januari 2009, watu wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa kwa ajili ya viungo vyao, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitamka kwamba atakayekutwa akiwaua naye auawe. Alipohojiwa bungeni, akalia. Naamini machozi yale yalikuwa ya kweli. Na ile kauli ilikuwa ya kweli vilevile, maana hata baadhi ya wanaowakodi wakata mapanga huamini kwamba wanalipiza kifo cha mtu.

Usifikiri dola ilianza juzi kutaka mkono wake uonekane. Januari 1893 Wajerumani wa Tom von Prince walipovunja boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe, hapa hapa Tabora, Isike aliamua kujilipua kwa baruti asishikwe. Walimkuta na pumzi kidogo, wakambeba na kumtundika mtini. Alikuwa anakufa tayari, ila walitaka afe kwa mkono wao.

Sheria yetu ya leo inasema aliyeua kwa kukusudia hana adhabu nyingine ila kunyongwa. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua mwaka 1994 kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na haiendani na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ni ya kikatili, ikaiacha ibaki. Mtu wa mwisho kunyongwa nchini alinyongwa mwaka huo huo wa 1994, rais akiwa Mwinyi, yule yule aliyewajibika kwa ajili ya vifo vya mahabusu. Rais Magufuli mwaka 2017 alisema yeye hawezi kutia saini mtu anyongwe. Kwa hiyo, bibi, atakayekukata panga akipatikana na hatia atahukumiwa kunyongwa, hatanyongwa, na atazeekea gerezani, ambako macho yakiwa mekundu hakuna anayeuliza. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kwamba watu wapatao 3,000 waliuawa kwa tuhuma za uchawi kati ya 2005 na 2011. Hao walikuwa nje, wamekaa barazani kwao.

Maelekezo yangu kwako yameishia hapo, na kama umeyafuata vizuri umegundua kwamba hayafuatiki. Kilichobaki nakisema kwa mjukuu wako, atakayekuwa amekaa kwenye mkeka siku jina lako litakapotajwa. Mjukuu, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 bado ipo, na kumtangaza mwenzako mtaani kuwa mchawi ni kosa hata kama hukushika panga. Usingoje arobaini. Ondoka hapo msibani usiku huo huo, mgongee mlango mtendaji wa kata, kisha nenda polisi, na huko kote upeleke jina la aliyetaja.