Karani na Dawa ya Meno

Kwa siku tatu duka moja la nafaka kwenye River Road lilinuka, na lawama zote zikaiendea omena. Mwenye duka alifungua gunia baada ya gunia, akanusa ndengu, akanusa njahi, kisha akamtuma kijana wake atambae chini ya rafu kutafuta panya aliyefia huko. Kijana akatoka na gorogoro iliyopotea tangu Krismasi na vumbi la kutosha kupanda sukumawiki. Panya hakuwepo.

Siku ya nne Karani alipanda kaunta, akapiga mwayo. Mama aliyekuwa akipimiwa maharagwe alirudi nyuma hatua mbili.

"Mzee, ni huyu!"

Karani ni paka. Kazi yake anaijua kila mwenye ghala kuanzia hapo hadi Nyamakima: kuhesabu panya na kuwapunguza. Alikuwa ametimiza miaka 6 bila mtu kumchungulia mdomoni. Nani angemchungulia, katika mji ambao wengi humkumbuka daktari wa meno saa nane za usiku?

Mwenye duka ni mtu wa vitendo. Alinunua mswaki wa mtoto kwa mchuuzi wa nje, akachukua dawa yake mwenyewe ya meno, ile ya mnanaa mkali, akamtia Karani kwenye gunia tupu na kumwachia kichwa tu. Mswaki uliingia mara moja. Karani akachomoka guniani, akaruka mizani, akatua mlangoni, macho yamemtoka na povu jeupe linamdondoka.

River Road haishtuki ovyo. Imezoea honi, mikokoteni, wahubiri wenye vipaza sauti. Lakini paka mwenye povu? "Ana kichaa!" Msukuma mkokoteni aliacha viazi vyake katikati ya barabara. Mhubiri naye akanyamaza, jambo ambalo majirani wa duka wanaapa hawajawahi kulisikia.

Alasiri hiyo Karani alisafirishwa ndani ya katoni ya sabuni hadi kwa daktari wa wanyama upande wa Kabete, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishia madaktari wa mifugo. Makanga alipoisikia katoni ikilia, alidai nauli ya watu wawili.

Daktari alianza na dawa ya meno. Paka hajui kutema, alisema. Chochote unachompaka anakimeza, na floridi si ya kumezwa. Kwa mbwa kuna hatari zaidi: baadhi ya dawa za binadamu zina zailitoli, sukari bandia inayoweza kushusha sukari ya damu yake ghafla, kuharibu ini na hata kumuua.

Kisha akainua mdomo wa Karani kwa kidole gumba. Ukoga wa kahawia ulikuwa umeganda kwenye magego kama saruji, fizi zimewaka nyekundu, na jino moja lilitikisika lilipoguswa.

"Anatafuna upande gani?"

Hapo ndipo mwenye duka alipokumbuka. Kwa wiki kadhaa Karani alikuwa akila kichwa kimelala upande wa kushoto. Yeye alidhani ni madoido.

Paka huficha maumivu hivyo. Ukoga laini usiposuguliwa huwa mgumu kwa siku chache tu, bakteria wakajichimbia chini ya fizi, na wanyama wengi wa nyumbani huwa na dalili za ugonjwa wa fizi wakifika miaka 3. Ukishaganda, mswaki hauuwezi tena: mnyama hulazwa kwa nusukaputi, meno yakakwanguliwa, yaliyooza yakang'olewa. Kwenye benchi la kusubiri palikuwa na mbwa mkubwa wa Loresho, mwenye meno 42, ambaye gego lake la juu lilipasuka kwa mfupa aliopewa kama zawadi. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, na mgumu hulishinda jino.

Paka mzima huwa na meno 30. Karani alirudi dukani na 27, pamoja na dawa ya wanyama yenye ladha ya kuku. Kijana ndiye humsugua kila jioni kabla ya kufunga, kitambaa kimezungushwa kidoleni. Mwenye duka hushika miguu.