Namna ya Kuuzika Msasa Uliokufa

Msasa wa diski hufa siku nyingi kabla fundi hajakubali kwamba umekufa. Ingia karakana yoyote yenye mashine ya diski, iwe Keko jijini Dar es Salaam au kandokando ya Ngong Road jijini Nairobi, na kuna uwezekano mkubwa ukakuta maiti imebandikwa kwenye sahani ya mashine na bado inapangiwa kazi. Inazunguka, inanguruma, inafuka moshi, na mguu wa kiti ulioingia ukiwa mninga mwekundu unatoka na ncha nyeusi. Fundi anailaumu mbao. Mbao haina kosa lolote. Kilichokosekana ni mtu wa kutangaza msiba.

Basi tuanze kwa kuthibitisha kifo. Zima mashine, chomoa plagi ukutani, subiri diski isimame yenyewe, kisha pitisha kidole polepole kutoka katikati kwenda ukingoni. Msasa hai unakwaruza. Uliokufa unateleza, hasa sehemu ya nje, maana huko ndiko kazi nyingi hufanyika. Ila usichanganye kufa na kuziba. Msasa ulioziba una punje ambazo bado ni kali, zimefunikwa tu na utomvu wa msonobari na vumbi lililoshindiliwa. Huo unatibika: chukua kipande cha mpira ghafi wa kusafishia msasa, rudisha plagi, washa mashine, na ukiguse taratibu kwenye upande wa diski unaoshuka kuelekea mezani. Uchafu utatoka na rangi ya msasa itaonekana tena. Kama baada ya tiba hiyo mbao inaendelea kuungua, na wewe unalazimika kuikandamiza kwa nguvu ili ilike, hapo hakuna mjadala. Andaa mazishi.

Chomoa plagi tena. Najua nimeshasema, na nitasema hata mara ya tatu. Kuzima swichi hakutoshi. Swichi hugongwa na kiwiko, na kijana wa karakana anaweza kuiwasha akidhani unafagia. Zaidi ya hapo, sisi tunaishi na umeme unaokatika: mashine iliyoachwa ikiwa imewashwa wakati wa giza huamka yenyewe umeme ukirudi, isipokuwa kama ina swichi ya usalama inayoizuia. Diski ya inchi 12 inayozungushwa na mota ya mizunguko 1,400 hivi kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 22 kwa sekunde, yaani kilomita 80 kwa saa. Dereva akipita na mwendo huo katikati ya mji, trafiki anamsimamisha. Usiuwekee vidole.

Sasa sogeza au fungua meza ya mashine upate nafasi. Msasa wa gundi hautaki ubabe, unataka joto. Gundi yake ikiwa baridi hushika sana, na karatasi huchanika vipandevipande na kuacha ngozi yake nyuma. Ipulizie hewa ya moto kwa mashine ya kukaushia nywele, dakika mbili tatu, ukizungusha sahani kwa mkono ili joto lisambae. Kisha ingiza kisu cha puti chini ya ukingo, inua kipande cha kutosha kushika kwa vidole vitano, na uvute ukikilaza kuelekea nyuma, karibu kabisa na uso wa sahani. Usikivute kwa kukinyanyua wima. Ukivuta taratibu utasikia gundi inaachia kwa mlio mfululizo, na msasa unatoka mzima. Ukiwa na haraka, utakwangua mabaki mpaka jioni.

Patasi kaa nayo mbali. Sahani nyingi ni za alumini au chuma cha kutupwa, na alumini inachubuka upesi. Kila mchubuko unaacha mdomo mdogo ulioinuka, na huo mdomo utauona kwenye kila mbao utakayopiga.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo. Kuna mafundi, na wengine ni wazuri sana kwa kila jambo jingine, ambao wanabandika msasa mpya juu ya wa zamani. Wanamzika marehemu chini ya mrithi wake. Mwisho wake ni uvimbe: sahani iliyochongwa kiwandani iwe bapa sasa ina vilima, na msasa mpya unapumzika juu ya vumbi, utomvu na gundi iliyokwisha nguvu. Siku moja tabaka la chini linaachia, na karatasi inaruka kwa zile kilomita 80 kwa saa. Hata isiporuka, miguu ya meza haitakaa sawa, na mteja anayelipia mvule au mkongo hakulipia meza ya kuwekewa kikaratasi chini ya mguu mmoja.

Safisha. Lowesha kitambaa kwa white spirit, futa mabaki ya gundi, acha yalainike kidogo, kwangua kwa kisu cha puti, futa tena. Malizia kwa spiriti ya kawaida ili mafuta yote yaondoke, kwa sababu gundi mpya haishiki penye mafuta. Fanya hivyo mlango ukiwa wazi, mota ikiwa imepoa, na bila sigara. Petroli isiingie kabisa kwenye shughuli hii. Vitambaa vyenye dawa vianikwe nje vikauke. Usivisukume chini ya benchi lenye maranda.

Kuhusu mrithi, sina mengi. Kwa mbao, namba 80 ndiyo ya kila siku, 60 kwa kula mbao nyingi, 120 kwa kumalizia; zaidi ya hapo diski inaunguza kuliko inavyolainisha, na kazi hiyo iachie mkono. Kipenyo kilingane na sahani, kisizidi. Msasa wa velkro ni rahisi kubadilisha, lakini una mto laini ambao huviringisha kona, na vijindoano vyake huyeyuka kwa joto. Kwa kona kali, gundi ndiyo yenyewe. Diski ya chuma na diski ya mbao zisiishi pamoja: cheche zikidondoka kwenye kisanduku kilichojaa vumbi la mbao, moto unaweza kufukuta humo na kulipuka usiku mmelala.

Kubandika kuna siri moja tu. Usibandue karatasi yote ya nyuma kwa mkupuo. Bandua nusu, ikunje karatasi hiyo ilale juu ya nusu nyingine, kisha weka ule mkunjo usawa wa katikati ya sahani. Linganisha ukingo kwa macho na kwa kidole gumba, kushoto na kulia. Ukiridhika, bonyeza nusu iliyo wazi kuanzia katikati kwenda nje, ukisukuma hewa. Halafu ingiza mkono, vuta karatasi iliyobaki huku ukibonyeza nusu ya pili. Maliza kwa kigongo cha mbao, ukikandamiza uso wote. Ukiona kipovu, kinyanyue sasa, maana baadaye hakitoki.

Rudisha meza, acha nafasi ya milimita 1 hadi 2 kati yake na diski, ipime kwa skwea, zungusha sahani kwa mkono uone haigusi popote. Sasa rudisha plagi, simama pembeni, na uiache izunguke dakika nzima bila kazi. Ukianza, weka mbao upande unaoshuka. Upande unaopanda utakurushia mbao usoni.

Marehemu naye ana urithi. Katikati ya diski mwendo ni mdogo, na punje za huko hubaki kali. Kata duara hilo la kati kwa mkasi mkuukuu, utumie kwa mkono kwenye kona na mapambo.

Na vumbi, ndugu zangu. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua. Mninga na mvule tunayoipenda huwasha pua na kifua hata kabla ya hapo. Kitambaa cha kujifunga usoni hakizuii vumbi jembamba la diski; nunua barakoa ya vumbi, na mnunulie pia yule kijana anayefagia chini ya mashine, maana yeye ndiye anayelivuta zaidi.