Mjomba Volti na Wenye Prosesa Zilizofungwa

Barua za mwezi huu kwa Mjomba Volti zimetoka kwa watu wenye kiu moja. Wanataka kuovakloki, yaani kuisukuma prosesa ipite kasi iliyopangiwa kiwandani, na wengi wao wameanza juzi.

Wa kwanza anajiita Mwenye Haraka. Kanunua kompyuta ya mezani ya mtumba, iliyostaafu kazi ya ofisini, yenye Core i5-4570. “Shikamoo Mjomba. Kijana wa dukani kaniambia nikiifungua itafika 4.5 GHz na gemu la mpira litaacha kukwamakwama. Nimeipekua BIOS yote, sioni pa kubonyeza. Ufunguo nitaupata wapi?”

Marahaba. Ufunguo haupo, na huyo kijana aulizwe kama ana kitu anataka kuuza.

Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: saa ya msingi, ambayo hapa ni 100 MHz, na kizidishi. i5-4570 ina kizidishi cha 32, ndipo inapatikana 3.2 GHz, kazi ikibana hujipandisha yenyewe hadi 3.6. Intel wameweka ukomo wa kizidishi ndani ya chipu yenyewe, si kwenye programu ambayo mtu anaweza kuibembeleza. Ndugu yake wa mwaka huohuo wa 2013, i5-4670K, aliachwa wazi. Herufi K ndiyo iliyokuwa ikilipiwa pale dukani, na hata aliyeilipia alitakiwa awe na madabodi yenye chipseti ya Z87. Madabodi za ofisini kwa kawaida hazina chipseti ya aina hiyo.

Yupo atakayemnong'oneza Mwenye Haraka apandishe saa ya msingi. Asikubali. Kwenye kizazi hicho saa hiyo huongoza pia njia za kadi na za diski, kwa hiyo asilimia chache tu juu ya 100 zinatosha kuyumbisha mfumo mzima, na faili zikiharibika hakuna gemu litakalozirudisha. Mjomba anamshauri afungue kifuniko, apulize vumbi, apake upya pasta ya joto iliyokauka, kwa sababu prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe. Kisha ahesabu vipande vya RAM. Kama kipo kimoja, aongeze cha pili kinachofanana nacho: gemu linalotegemea kichora-picha kilichomo ndani ya prosesa yenyewe litahisi tofauti kubwa kuliko ambayo 4.5 GHz ya kufikirika ingeleta.

“Baba mdogo anasema aliwahi kufungua prosesa kwa penseli,” anaandika Mpwa Mwenye Shaka. “Nimpeleke hospitali?”

Aombwe radhi kwanza. Mwaka 2000 AMD waliuza prosesa za Athlon na Duron ambazo juu yake, mahali panapoonekana kwa macho, palikuwa na safu za vitone vidogo vilivyoitwa madaraja ya L1. Kiwandani yalikatwa ili kufunga kizidishi. Lakini risasi ya penseli ni grafaiti, na grafaiti hupitisha umeme. Mistari michache ya mkono usiotetemeka iliunganisha kilichokatwa, na kizidishi kikawa huru. Zilipokuja Athlon XP mwaka 2001, palikuwa na vishimo vilivyochimbwa katikati ya madaraja hayo. Watu wakaviziba kwa gundi, wakachora juu kwa rangi inayopitisha umeme. Ba'mdogo huyo ni fundi wa enzi zake.

Watengenezaji hujitetea kwamba kufuli liliwekwa kwa sababu ya walanguzi waliokuwa wakifuta maandishi ya prosesa hafifu na kuziuza kama za kasi kubwa. Ni kweli, walanguzi hao walikuwepo. Hata hivyo Mjomba huipokea hoja hiyo nusu, kwa sababu mwaka 2010 Intel hao hao waliuza kadi ya dola 50 yenye namba ya siri, ya kuamsha sehemu ya kashe na uwezo mwingine uliokuwa tayari umelala ndani ya Pentium G6951. Mnunuzi alilipia mara mbili kitu alichokwisha beba nyumbani. Kelele zilikuwa nyingi, na mwaka uliofuata biashara hiyo ikasimama.

Mama Watoto hana prosesa, ana mume. Mume kanunua Ryzen 5 3600, kaipandisha viini vyote hadi 4.2 GHz kwa volti 1.35, na sasa chumba kina joto na programu ya majaribio ya Prime95 inakesha ikiitesa kompyuta. Anauliza kama amwache.

Mjomba havunji ndoa. Prosesa za Ryzen tangu 2017 karibu zote huja zikiwa wazi, mradi madabodi isiwe ya chipseti ya daraja la chini kama A320, kwa hiyo mume hakuvunja kufuli lolote. Shida iko kwenye hesabu yake. Umeme unaoliwa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Kutoka 3.6 GHz na volti 1.20 hadi alipofika, kasi imeongezeka kwa asilimia 17 na ulaji kwa asilimia 48 hivi. Tena chipu hiyo hufika 4.2 yenyewe, bila kuombwa, kiini kimoja kinapohitajika. Na ikiungua, waranti ya AMD hailipii madhara ya kuovakloki. Airudishe kwenye mipangilio ya kiwandani, na kama mkono bado unamwasha, apande 100 MHz kwa kila hatua, huku macho yakiwa kwenye kipimajoto. Bili ya umeme abandikiwe mlangoni.

Wa mwisho kaandika usiku wa manane kwa simu, maana baada ya kuovakloki kompyuta yake inawaka feni tu, skrini giza. Achomoe waya wa umeme, atoe betri ya CR2032, ile ya duara kwenye madabodi, asubiri dakika kadhaa, airudishe. BIOS itasahau alichokifanya. Itasahau na tarehe pia, basi aipange kabla ya kuingia mtandaoni, la sivyo tovuti ya benki yake itamkatalia.